Walkman iliyonyamaza: historia ya mashine ya kaseti na namna fundi anavyotafuta kosa lake

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, na katika mizigo ya familia ambazo zimehama zaidi ya mara moja, bado kuna kaseti. Kuna watu waliokimbia lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, kuna waliokimbia risasi kabla ya hapo na baada ya hapo, na kaseti zikabaki chini ya mfuko pamoja na picha na kadi za ubatizo. Ndani yake mna arusi, kwaya, matanga, au sauti ya babu akitaja majina ya ukoo mmoja baada ya mwingine.

Mara nyingi kaseti yenyewe ni nzima. Kilichonyamaza ni mashine ya kuisomea. Mwenye nayo anatia betri mpya, anabonyeza, hakuna kitu, au anasikia kelele tupu. Anasema imeungua. Inatupwa, na baada ya miaka michache kaseti nayo inatupwa, kwa kuwa hakuna tena kitu cha kuisikilizia. Lakini Walkman ya zamani iliyonyamaza haijaungua kila mara. Kosa lake kwa kawaida liko katika sehemu chache zinazojulikana, na anayejua mashine hiyo ilitengenezwaje anajua pia pa kuanzia.

Kaseti ilizaliwa Hasselt, mji mdogo wa Ubelgiji, katika kiwanda cha kampuni ya Philips. Ni nchi ile ile iliyotawala Kongo mpaka tarehe 30 Juni 1960, na miaka mitatu tu baada ya uhuru huo, mwishoni mwa Agosti 1963, Philips ilionyesha kaseti na mashine yake, EL 3300, katika maonyesho ya redio mjini Berlin. Kundi la watengenezaji liliongozwa na Mholanzi Lou Ottens. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuchora chochote alichonga kipande cha mbao kinachoingia katika mfuko wa koti lake, akasema mashine isizidi ukubwa huo. Kipande hicho kingekuwa leo katika jumba la makumbusho, lakini kilipotea: Ottens alikitia chini ya jeki alipokuwa akibadilisha gurudumu la gari, akakiacha barabarani. Alifariki Machi 2021, akiwa na miaka 94.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81, na unapita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo huo ni wa polepole sana kwa kulinganisha na mashine za mikanda mikubwa za redio za wakati ule, na umeme mdogo unaotoka kwenye kichwa ni hafifu mno, hata hauwezi kutikisa hedifoni. Lazima ukuzwe mara nyingi sana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mashine ya kaseti imekuwa na kazi mbili zinazogombana ndani ya sanduku moja. Mota inazunguka, inavuta umeme mwingi na kutoa fujo. Pembeni yake tu kuna kikuza sauti kinachosikiliza kitu kidogo kuliko mnong'ono. Zote mbili zinakula kwa betri zile zile. Fundi asiyeelewa ugomvi huo atabadilisha vipande vizima na kuacha kibovu mahali pake.

Miaka ya 1960 kaseti ilikuwa ya kunasia maneno. Philips ilikubali kampuni nyingine zitumie muundo wake bila malipo, na Wajapani wakaushika kwa nguvu. Sony ilitoa kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, TCM-100, kilichoitwa Pressman. Mwanzilishi mmoja wa kampuni, Masaru Ibuka, alitaka kitu cha kusikilizia muziki ndani ya ndege, kwa maana mashine aliyokuwa anabeba ilikuwa nzito. Wahandisi wakachukua Pressman, wakaondoa sehemu ya kunasa na spika, wakaingiza kikuza sauti cha stereo kwa ajili ya hedifoni. Hiyo ndiyo Walkman ya kwanza, TPS-L2, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 1 Julai 1979 kwa yeni 33,000. Zilitengenezwa 30,000. Mwezi wa kwanza ziliuzwa karibu 3,000 tu, watu wakacheka mashine ya kaseti isiyoweza kunasa. Kufikia mwisho wa Agosti zote zilikuwa zimekwisha.

Jina la mashine hiyo moja likawa jina la zote. Mpaka leo, katika soko la Birere au la Kadutu, redio-kaseti ndogo ya kuvaa kiunoni ni walkman, hata kama iliandikwa jina jingine kabisa.

Kwa upande wa Kongo, utepe ulikuwa umeshafanya kazi kubwa kabla Walkman haijafika. Mjini Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, na akaisimulia kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi aliyekuwa akifundisha huko. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakusikika tena. Maneno yake yalibaki kwenye utepe, na mwaka 1996 yalitoka katika kitabu pamoja na picha zake. Kama mashine ya kuusoma utepe ule ingekataa, na hakuna aliyejua kuitengeneza, historia ya Kongo iliyosimuliwa na Mkongo kwa Kiswahili cha Katanga ingekuwa leo ni plastiki ya rangi ya kahawia. Kaseti ya babu iliyo katika mfuko wa nguo iko katika hali hiyo hiyo, tofauti ni kwamba hakuna chuo kikuu kinachoilinda.

Basi fundi aanzie wapi?

Asianze kwa chuma cha lehemu. Aanze kwa kufuata njia ya umeme, kutoka betri kwenda mbele, hatua moja baada ya nyingine. TPS-L2 na ndugu zake wengi wanatumia betri mbili ndogo za volti 1.5, jumla volti 3. Volti 3 ni kidogo. Kutu nyembamba isiyoonekana vizuri kwa macho, ambayo katika redio kubwa ya betri sita isingeleta shida, hapa inakula nusu ya nguvu yote. Ndiyo sababu sehemu za chuma zinazogusa betri ni mshukiwa wa kwanza. Mashine ilihifadhiwa na betri ndani, pengine miaka kumi, betri zikatokwa maji, chuma kikaota unga mweupe au wa kijani.

Unga huo si wa aina moja. Betri za alkali hutoa maji yanayounguza kama magadi, na hayo husafishwa kwa kitambaa chenye tone la ndimu au siki. Betri za bei rahisi, zile za zinki na kaboni ambazo ndizo nyingi sokoni, hutoa maji ya asidi. Hapo ndimu inaongeza ubaya, na kinachofaa ni magadi kidogo yaliyoyeyushwa katika maji. Katika hali zote mbili kitambaa kiwe na unyevu tu, kisidondoshe maji, na mwisho pafutwe kwa alkoholi na paachwe pakauke. Kisha chuma kinapigwa msasa laini mpaka king'ae.

Hapo ndipo multimeta inaingia. Kuna kosa ambalo mafundi wengi hulifanya: wanapima volti mashine ikiwa imelala, wanaona 3, wanaridhika, wanahamia mbele. Kipimo hicho hakisemi kitu. Volti zinapimwa kitufe cha kusoma kikiwa kimebonyezwa na mota ikidai umeme wake. Kama ni 3 mashine ikiwa imelala na inashuka mpaka 2 au chini ya hapo ikibonyezwa, basi kati ya betri na saketi kuna mahali pabaya. Inabaki kupatafuta. Ncha moja ya multimeta inawekwa upande mmoja wa swichi, nyingine upande wa pili, swichi ikiwa imefungwa. Swichi nzima itaonyesha karibu sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, ndiyo mwizi.

Mwizi mwingine hujificha mahali ambapo watu hawamfikirii: tundu la kuingizia umeme wa nje. Katika mashine nyingi, ndani ya tundu hilo kuna kipande cha chuma ambacho, plagi ikiingia, kinakata betri ili vitu viwili visigongane. Plagi ikitoka, kinarudi. Baada ya miaka thelathini kinaota kutu na hakirudi vizuri, na mashine inakaa inaamini kwamba umeme wa nje umechomekwa. Betri mpya zinaingia, hakuna kitu. Kuchomeka na kuchomoa plagi mara kumi au ishirini, pamoja na tone la dawa ya kusafishia swichi, kumezifufua mashine nyingi ambazo zilikuwa tayari zimehesabiwa kuwa takataka.

Tundu hilo hilo ndilo linaloua mashine nzima. Katika kambi na katika mitaa isiyo na umeme wa SNEL, watu hutumia betri ya gari na paneli ya jua, yaani volti 12. Walkman ya volti 3 ikipewa 12 inakufa kweli, na hapo neno «imeungua» ni la haki. Tena pande za plagi hazifanani: kwa kampuni moja katikati ni chanya, kwa nyingine ni hasi. Mchoro mdogo pembeni ya tundu unasema ni ipi. Asiyeona mchoro atumie betri.

Ikiwa umeme unafika na mota inazunguka, lakini kaseti haiendi, kosa si la saketi hata kidogo. Ni ule mpira mwembamba unaounganisha mota na magurudumu. Mpira wa miaka ile hulegea, na mwingine hugeuka kuwa ulimbo mweusi unaoshika vidole. Unafutwa wote kwa alkoholi na kuwekwa mwingine wa kipimo kile kile.

Mwendo ukiwa mbaya, masikio yanatosha kutoa hukumu. Msemaji akivuta maneno kama mlevi, sababu ni betri dhaifu, mpira uliolegea au mafuta yaliyoganda. Akisema haraka kwa sauti nyembamba ya mtoto, jambo ni jingine: mota imekosa kiongozi wake. Mwendo wa mota unashikwa na saketi ndogo inayoizuia isikimbie, na saketi hiyo ikiharibika mota inapata nguvu zote bila breki. Hapo fundi aache mpira na mafuta, aende moja kwa moja kwenye saketi ya mwendo, ambako aghalabu kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Skrubu hiyo isiguswe kabla ya kujua kosa, na ikiguswa, alama ya mahali ilipokuwa iwekwe kwanza kwa kalamu.

Sasa sauti yenyewe. Mota inazunguka vizuri, kaseti inakwenda, hedifoni ziko kimya. Fundi anabonyeza kitufe cha kusoma bila kaseti, anachukua bisibisi nyembamba, anagusa kwa ncha yake mahali waya wa kichwa cha kusomea unapoingia kwenye bodi. Ikisikika «bzzz» katika hedifoni, kikuza sauti kizima kinafanya kazi, na kosa liko nyuma: kichwa chenyewe, ambacho pengine ni kichafu tu, au waya wake uliokatika. Isiposikika kitu, kosa liko mbele. Jaribio hili halihitaji hata multimeta. Na kwa habari ya multimeta, kichwa kisipimwe kwa kipimo cha ohm, kwa sababu umeme wa kipimo hicho unaweza kukiachia sumaku, na kichwa chenye sumaku kinafuta kidogo kidogo kila kaseti inayopita mbele yake.

Sauti ikija upande mmoja tu, na kurudi waya wa hedifoni ukipinda, ni lehemu iliyopasuka kwenye tundu la hedifoni. Tundu hilo limevutwa maelfu ya mara. Ufa wake ni pete nyembamba sana kuzunguka mguu wa chuma, inaonekana vizuri kwa kioo cha kukuza. Inayeyushwa upya, basi. Kwa mashine zinazonasa pia, kuna swichi ndefu ya kuhama kati ya kunasa na kusoma, yenye vigusio vingi kwa safu. Ikiota kutu inaleta mkwaruzo, upande mmoja kimya, au mluzi. Kuisukuma huku na huku mara thelathini na dawa ya swichi ndiyo tiba yake.

Kinachobaki ndicho kigumu: kapasita. Kapasita ya aina hii ni mkebe mdogo wa aluminiamu wenye karatasi iliyolowa maji ya kemikali, umezibwa kwa mpira. Unahifadhi umeme kidogo na kuutoa unapohitajika, ndiyo maana wahandisi waliuweka kati ya mota na kikuza sauti, ili fujo ya mmoja isimfikie mwingine. Lakini maji hukauka, na joto huyakausha upesi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Mashine iliyokaa miaka chini ya bati au ndani ya kibanda cha hema la plastiki imezeeka kuliko tarehe yake. Kapasita ikikauka, uzio unaanguka. Katika hedifoni inasikika mota ikivuma nyuma ya sauti ya msemaji, au mlio wa «put-put-put» kama wa pikipiki, au sauti nyembamba isiyo na besi.

Umri una jambo lake hapa, na linakwenda kinyume na linavyodhaniwa. Mashine za mwanzo, za 1979 mpaka katikati ya miaka ya 1980, zina kapasita kubwa zenye miguu mirefu, na nyingi bado zinafanya kazi. Mashine nyembamba za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, zilizokuwa za bei kali na za kujivunia, zilitiwa kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi. Nyingi za aina hiyo zilivuja, na maji yake yakala njia za shaba. Fundi hujua kabla ya kuona: akiweka chuma cha lehemu, inapanda harufu ya samaki, kama mtu anakausha sambaza mezani. Akisikia harufu hiyo asafishe bodi yote kwa alkoholi kwanza, kisha atafute njia zilizokatika na kuziunga kwa waya mwembamba. Kapasita mpya iwe na maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi, na upande wa hasi uwekwe palepale ulipokuwa.

Je, kapasita zote zibadilishwe kwa mara moja? Wako wanaofanya hivyo, na kwa mashine iliyovuja ni sawa. Kwa mashine ambayo haijavuja ni haraka isiyo na faida. Bodi za zamani ni dhaifu, na kila mguu unaochomolewa unaweza kuondoka na kipande cha shaba. Fundi mwenye subira huanza na ile kubwa iliyo karibu na mlango wa umeme, anasikiliza, kisha anaendelea.

Hata sauti ikirudi, kaseti ya familia isiwe ya kwanza kuingia. Iingie kaseti isiyo na thamani, ichezwe pande zote mbili, ili ionekane kama mashine inatafuna utepe. Familia nyingine zimepoteza sauti pekee waliyokuwa nayo katika dakika hiyo, kwa shangwe ya kuona taa imewaka.

Baada ya hapo inaingia ile yenyewe, na waya unatoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta au simu inayonasa. Sony iliacha kuuza Walkman za kaseti Japani mwaka 2010, mpira na vichwa vya akiba vinazidi kuwa haba, na mashine iliyofufuka leo inaweza kufa tena kesho. Kwa hiyo sauti inakiliwe siku ile ile. Kaseti ya dakika 60 inachukua saa nzima kunakili, hakuna njia ya mkato. Anayesimamia kazi hiyo awe na mzee wa familia pembeni yake na daftari, aandike ni nani anasema, mahali gani, mwaka gani, kwa kuwa watoto waliozaliwa baada ya kuhama hawaitambui sauti hiyo.